Spika ya Chumbani kwa Mama

Maskati, baada ya Alasiri

Mdogo wangu Hamadi,

Assalaamu alaykum. Salamu naitanguliza kwa sababu ni haki ya kila Muislamu, hata aliyekukosea. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua nikishuka kwenye ngazi, na joto la huku mwaka huu limekuja na hasira zake. Natumai na wewe u mzima, na nyumba imetulia, rangi imekauka na milango inafunga. Hali ya mama sikuulizi. Ya mama nimekwishayapata kwa dada yetu Maryamu, na ndiyo yaliyonikalisha kitako nikaandika kwa mkono.

Ujumbe wa sauti ungeusikiliza nusu ukauzima, nakujua. Ndiyo maana nimempa barua jirani yetu anayerudi Chake Chake kwa likizo, nikamwambia akukabidhi mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Unakumbuka tulivyoanza? Uliniambia kuta za nyumba ya Madungu zinachimbwa upya kwa ajili ya umeme. Nikakwambia, hapo hapo tumtengenezee mama redio ya nyumba nzima. Hoteli ninayofanya kazi ya matengenezo ilikuwa inabadilisha spika za dari, na zile za zamani zinakwenda jaani ilhali hazina ugonjwa wowote. Nikamuomba msimamizi, akanipa nne, pamoja na ampilifaya iliyovunjika kifuniko tu. Nilizijaribu moja moja chumbani mpaka wenzangu wakaniuliza kama nafungua msikiti. Kitu pekee nilichonunua ni roli la waya.

Kisha nikakuchorea ramani kwenye ubavu wa boksi. Redio na ampilifaya vikae sebuleni, na kutoka hapo waya mmoja uende barazani, mmoja jikoni, mmoja chumbani kwa mama. Waya upite ndani ya paipu kabla fundi hajapiga plasta, na kila ukuta uupige picha ukiwa bado wazi, maana ukuta ukishafunikwa hauulizwi tena. Na nikakwambia, ukiona waya hautoshi, punguza baraza, punguza jiko, punguza hata sebule yenyewe. Chumba cha mama usikiguse.

Kwa nini, ulijua. Mama miguu yake haimpeleki tena kila anapotaka, na kitu anachokisubiri kwenye redio si taarabu wala habari za wakubwa. Anasubiri matangazo ya vifo. Nusu ya wanawake waliokufa Chake Chake na Wesha tangu sisi wadogo, mama ndiye aliyewaosha. Na Bi Time wa Wesha, shoga yake wa tangu chuo cha Kurani, walipeana ahadi mbele yetu sote pale jikoni, sisi tukicheka: anayetangulia, mwenzake ndiye atakayemuosha, asiguswe na mikono mingine. Ulikuwepo, Hamadi. Ulikuwa unakula muhogo.

Ukaniletea picha. Ukuta umechimbwa, waya umelala ndani ya paipu, na chini umeniandikia, "Hapa kwa mama, kaka, kila kitu sawa." Niliionesha kila mtu hapa kazini. Sasa nimeitazama tena, na kwenye pembe ya picha naona dirisha. Ukuta ule wa mama hauna dirisha, mimi nimelala chini yake miaka kumi na sita. Ulinipigia picha ukuta wa chumba chako, na mimi mtu mzima, fundi, nikaangalia dirisha nisilione, kwa sababu aliyenionesha ni ndugu yangu. Hilo ndilo changa la macho ulilonitia, na nimejifikicha mwenyewe.

Maryamu amenieleza yote, na fundi wako amekiri. Spika ya jikoni iliingia chumbani kwako, na waya wa mama ukaifuata huko. Fundi alikukumbusha chumba cha mama, ukamwambia apige plasta tu, wageni wa harusi ya shemeji yako wanakaribia. Mpaka hapo ningesema ni uroho wa kijana aliyeoa juzi, ningekukaripia yakaisha. Lakini wewe ukaichukua spika ya nne, ukaipigilia misumari miwili ukutani kwa mama, bila waya, bila hata tundu nyuma yake. Kisha ile redio yake ya zamani iliyofungwa mpira ukampa mtu, ukisema nyumba sasa ina mtambo. Sebule nayo ukaifunga kwa ufunguo makochi yasiingie vumbi, na ufunguo unatembea nao mfukoni.

Kila Ijumaa nilipozungumza naye kwenye simu yako nilimuuliza, "Mama, redio unaisikia?" Ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Naisikia, mwanangu, Mngu akuweke." Ule unyamavu nilidhani ni mtandao. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kutonivunja moyo. Unamjua mama, zawadi ya mtoto aliye mbali haisemwi vibaya, hata ikiwa kiatu cha mguu mmoja.

Alikuuliza wewe. Maryamu amenisimulia maneno yake kama yalivyo: "Hamadi, kidude hichi mbona miye sikisikii?" Na wewe ukamjibu, "Kinasema, mama. Sauti yake nyembamba, na masikio yako yashachoka." Ulikuwa na nafasi ya kusema waya haukutosha. Neno moja tu. Badala yake ukamchukulia masikio yake.

Siku Bi Time alipofariki, tangazo lilitoka asubuhi na mapema. Maryamu alilisikia kwake kule Wingwi akiwa anakama ng'ombe, akaacha ndoo akatafuta gari, akijua mama keshafika Wesha. Watu wa Wesha walikupigia simu hukupokea, wakasema basi, nyumba ile ina redio kila chumba, Bi Asha amesikia kabla yetu. Majirani wa Madungu nao walipita mlangoni wakenda mazishini bila kupiga hodi, kwa sababu hiyo hiyo. Zamani wangeingia, "Bi Asha, umesikia?" Safari hii nani amwambie mwenye spika nne? Wewe ulikuwa safarini Konde na ufunguo mfukoni. Mama alikuwa uwani anachambua mchele.

Walimngoja mpaka maji yakapoa. Mabinti wa Bi Time wakasema labda ana kiburi siku hizi, nyumba mpya. Akaoshwa na wengine, kabla Maryamu hajafika.

Maryamu alipofika nyumbani kutoka msibani, mama alimuuliza mbona amevaa hivyo siku ya kazi. Akaambiwa. Hakulia. Alikwenda chumbani kwake akashika ukuta, akaitazama ile spika, akasema, "Basi masikio yangu yamenidhulumu. Bi Time, nisamehe, ntu kiziwi hana ahadi." Na wewe ulikuwa umesharudi, umesimama mlangoni, ukasema, "Si kosa lako, mama, ni uzee." Hamadi! Hata mtu wa mbali angeona haya. Wazee walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mimi nilikutegemea kwa methali hiyo hiyo.

Kesho yake Maryamu alitaka kuifuta vumbi ile spika. Ikamtoka mkononi na misumari yake. Nyuma yake chokaa kavu.

Sasa sikiliza kinachoniumiza kuliko Bi Time, Mungu amrehemu. Mama ameacha kuitikia hodi. Anasema ataitikia nini, hasikii. Akina mama wa mtaani wakija wanampigia kelele sikioni, naye anawaonea aibu, anatikisa kichwa tu. Wiki iliyopita waliitwa kuosha maiti ya mwanamke aliyefia uzazini huko Machomane, akakataa kwenda, eti atasikiaje dua. Mwanamke anayemsikia kuku wa jirani akiingia kwenye mahindi yake! Anasikia kila kitu, Hamadi, na anaamini hasikii, kwa sababu mwanawe amemwambia. Anakwenda kuwa kiziwi kwa kukuamini.

Maryamu alitaka kumwambia siku ile ile. Mimi ndiye niliyemzuia. Si kwa kukusitiri. Maneno haya yametoka kinywani mwako, na kinywa hicho hicho ndicho kitakachoyarudisha, la sivyo mama atadhani sisi wawili tunamliwaza.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa waya chumbani kwako, uupitishe juu ya plasta mpya mpaka kwa mama, kwa vibanio vya kawaida. Usichimbe, usifiche. Nataka uonekane, kila anayeingia aulize ule waya ni wa nini. Ufunguo wa sebule umpe mama aufunge kwenye kanga yake. Kisha kabla ya khitma ya Bi Time umchukue mama mpaka Wesha, ukawaambie mabinti wa marehemu kwa nini hakuja. Kukusamehe mimi sijui lini. Nikisema nimekusamehe leo nitakuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mtindo huo ni wako.

Nisalimie mkeo, ambaye simlaumu, maana najua hakuambiwa waya ni wa nani. Nisalimie Maryamu na mumewe kule Wingwi, na mjomba muuza duka, na shangazi yetu aliyetulea tulipougua surua pamoja mkeka mmoja. Fundi mwambie sina neno naye.

Mama usimpe salamu zangu kwanza. Kwanza mwambie. Kaa karibu naye, na usipige kelele kama wanavyofanya wengine. Sema kwa sauti yako ya kawaida, hata ikiwa ndogo kwa aibu. Atakusikia.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Salim