Jumamosi Niliyoombwa Nisiende Uwanjani

Jumamosi, alasiri. Jua lipo ila halina kazi, upepo wa mlimani unapenya mpaka kwenye mifupa. Timu yangu inaingia uwanjani saa kumi, na mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, hapa Maisaka, napukuchua mahindi. Kompyuta ya klabu nimeiweka juu ya gunia. Napukuchua kidogo, naandika kidogo, nasimama, nachungulia barabarani, nakaa tena.

Nimeandika "timu yangu". Ndipo ugonjwa ulipo.

Kwa asiyenijua: mpaka mwaka jana nilikuwa kocha wa timu yetu ya hapa Babati. Tulipopanda daraja, Mwenyekiti wetu Mzee Issa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni, akaniita akasema klabu imekua, inahitaji mkurugenzi wa michezo. Mtu wa kutafuta wachezaji, kusimamia mikataba, kuajiri kocha na kumlinda huyo kocha. Sikufukuzwa. Niliombwa, nikakubali, nikapigiwa makofi. Magoti yalikuwa yananiuma na nilidhani nimechoka kunyeshewa.

Sikuwa nimechoka.

Ofisi ninayo, chumba cha nyuma dukani kwa Mzee Issa, ukivuka mabati na ndoo za rangi. Kuna kiti cha kuzunguka. Nimekizungusha mpaka kimeanza kulia. Na hapa mjini ukijiita mkurugenzi, watu wanaelewa wa halmashauri. Wiki ile ya kwanza jirani yangu alinifuata ofisini na malalamiko ya kiwanja chake cha Sigino. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana sikuwa na la kufanya.

Kocha nilimchagua mwenyewe: Paskali, aliyekuwa msaidizi wangu. Kijana mpole, mtoto wa wakulima wa Mbulu kama mimi, anaujua mpira kuliko anavyojua kuongea. Wachezaji bado wananiita mimi Mwalimu. Yeye wanamwita Paskali, hivihivi tu, kama wanavyomwita kinyozi wao. Nilikuwa nasikia, wala sikuwahi kumkosoa mtu. Ilinipendeza, basi.

Sasa niseme la Jumapili iliyopita, ingawa mji mzima unalo.

Nilikuwa jukwaani, pembeni ya Mzee Issa, tumebakiza dakika chache na hakuna bao. Muuza karanga akapita chini yetu. Nikatia vidole viwili mdomoni, nikapiga mluzi mara mbili kumwita. Hicho tu. Nilitaka karanga.

Lakini kwa miaka yote niliyowafundisha mabeki wale, mluzi mara mbili ulikuwa na maana moja: wote pandeni juu kwa pamoja, mwacheni mshambuliaji wao ameotea. Tuliufanyia mazoezi asubuhi na jioni, kwenye tope na kwenye vumbi, mpaka miguu yao ikawa inasikia kabla ya vichwa. Basi wakapanda. Wote wanne, mstari umenyooka, mzuri kweli, ningewapiga picha. Winga wa wale wengine akatokea nyuma kabisa, hajaotea wala nini, akakuta shamba tupu. Akafunga akiwa anatembea.

Muuza karanga alifika wakati huohuo. "Za buku, Mwalimu?"

Tangu siku hiyo nikipita stendi, madereva wa bajaji wananipigia mluzi mara mbili, halafu wanaruka mbele wote. Utani huo naustahili. Kilichoniuma ni Paskali. Aliposimama mbele ya mashabiki wenye hasira, alisema kosa ni lake, mabeki hawakupangwa vizuri. Hakunitaja.

Jumatano Mzee Issa aliingia ofisini na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Hakukaa. "Mwalimu, Jumamosi tukifungwa tena, Paskali anaondoka. Benchi linarudi kwako. Watu wanakutaka wewe."

Kazi yangu ilikuwa kusema hapana. Ndiyo kazi niliyopigiwa makofi. Nikasema, "Tuone, Mzee."

Tuone! Mtu mzima na mvi zangu.

Alhamisi jioni Paskali alikuja hapa nyumbani. Alimwamkia mke wangu, mama Ester, akakataa chai, akakubali chai, akainywa yote. Mwishowe akatazama viatu vyake. "Mwalimu, naomba Jumamosi usije. Ukiwa jukwaani wanakusikiliza wewe. Hata ukikohoa wanageuka." Nikamwambia sawa, sitakuja. La Mzee Issa sikumwambia. Nilijidanganya kwamba sitaki kumtia hofu kabla ya mechi.

Basi ndiyo niko hapa. Simu nimempa mama Ester, kaifunga kwenye pindo la khanga na nimemwambia asinipe hata nikilia. Redio ya jirani imezimwa, kwa mara ya kwanza tangu ahamie hapa. Vidole vimeanza kuchubuka.

Mechi imeanza. Nimesikia watu.

Kumbe mpira wa kusikia kwa mbali ni mateso. Kelele inapanda, inashuka, haina majina. Nasimama nikidhani ni kona, pengine ni mbuzi kaingia uwanjani. Kichwani namuona Gwandu, nahodha wetu, akichelewa kurudi kama kawaida yake, na namfokea hapahapa uani. Mama Ester amechungulia dirishani mara moja, akarudi ndani. Amenizoea.

Kelele kubwa. Bao.

Sijui la nani. Wageni wametoka Kondoa na mabasi yao, wamejaza upande mzima, wanapiga kelele kutushinda. Nimebaki na gunzi mkononi, masikio yamesimama, na nimejisikia moyoni nikisema: liwe lao.

Nimeliandika ili nisije nikalikana kesho. Nilitaka tufungwe. Mimi niliyelala chini kwenye mikeka na timu hii kule ugenini, niliyemtoa Paskali kwao na kumwambia baba yake mwacheni nitamtunza. Nilishajiona nimerudi kwenye mstari na koti langu la mvua. Nikamuona na Paskali akipanda basi la kwenda Mbulu na begi lake, na picha hiyo haikunizuia. Hilo ndilo limenitisha.

Nimekwenda jikoni. "Mama Ester, nipe simu."

"Ulisema nisikupe hata ukilia."

"Silii. Nataka kuongea na Mzee Issa kabla mechi haijaisha. Ikiisha haitakuwa na maana."

Akanitazama, akafungua fundo.

Mzee alipokea, nyuma yake kelele tupu. Nikamwamkia, naye akaitikia kwa kupayuka. "Marahaba! Mwalimu, uko wapi? Kiti chako kitupu!" Nikamwambia, hata tukifungwa leo Paskali abaki, na akimtoa mimi sirudi kwenye benchi, atafute mwingine. Akasema hasikii. Nikarudia kwa sauti mpaka kuku wa jirani wakakimbia. "Sikusikii kabisa!" Akakata. Nikamwandikia ujumbe, maneno yaleyale, nikautuma na kumrudishia mama Ester simu aifunge tena khangani.

Matokeo sikumuuliza. Naomba hilo nalo nihesabiwe.

Naendelea kuandika jioni, mechi imeshaisha.

Nilijua kwa honi za bodaboda. Wageni wakishinda wanaondoka moja kwa moja, hawana sababu ya kupita Maisaka. Honi hizi zilikuwa zinakuja huku, nyingi, na katikati yake watu wanaimba, "Mwalimu! Mwalimu!"

Nikatupa gunzi. Nikapita pembeni ya nyumba mbio, na magoti yangu haya mabovu, nikafungua geti. Barabara yote vumbi. Mbele bodaboda, nyuma pikapu ya Mzee Issa yenyewe, wachezaji wamejaa kama magunia ya alizeti, Gwandu ameshika bendera. "Mwalimu! Mwalimu!" Nikasogea mpaka ukingo wa barabara, nikainua mkono juu kuwaitikia.

Paskali alikuwa kwenye mabega yao.

Walikuwa wanamwita yeye.

Wala hawakufanya kwa ubaya. Gwandu aliponiona alipiga kelele kwa furaha ya kweli, "Mkurugenzi! Tumeua, moja bila! Mkurugenzi!" Wenzake wakaitikia, wakanipungia, pikapu ikapita. Paskali peke yake ndiye aliyegeuka, akanitazama mpaka vumbi likaziba. Alikuwa ameuona mkono wangu. Ulikuwa bado uko juu, nikaushusha kichwani nikajikuna.

Kwa hiyo lile bao lilikuwa letu. Lile nililoliombea liwe lao.

Mama Ester alikuwa amesimama getini nyuma yangu. Akanipa simu, kulikuwa na ujumbe wa Mzee Issa: "Nani alisema Paskali anaondoka?" Nimecheka mpaka nimekaa chini. Siasa za mzee huyu mtu usizitie moyoni.

"Umefurahi?" mama Ester akaniuliza.

Nikamwambia nimefurahi, na ni kweli. Akangoja. Nikamwambia na nimeumia, tena sana, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakaribishwa kiti. Hakunipa pole. Alisema mahindi hayatajipukuchua yenyewe, akavuta kigoda cha pili akakaa upande wa pili wa gunia.

Jumatatu nitakwenda ofisini, nitamtafuta Paskali nimweleze mwenyewe nilichomjibu Mzee Issa Jumatano, asije akakisikia sokoni. Mbele ya wachezaji nitamwita Mwalimu. Nimejaribu kulisema hapa uani, kwa sauti, mara kadhaa. Mdomo bado unakwama, ila linatoka.