Usibonyeze Ule Uso Unaocheka

Bweni la wafanyakazi,
Nyuma ya hospitali, chumba cha mwisho.
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana mama akisikia nimeanza na maneno makali atasema hakunilea hivyo. Hujambo? Magoti ya mama yanamruhusu kuinama? Kifua cha shemeji kimetulia? Na huyo binti yako, Bibi Kelele, bado anauliza maswali mpaka watu wanahama chumba? Mimi mwili ni mzima. Mgongo unauma, lakini nimeshauzoea kama mpangaji aliyegoma kuhama.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kitandani na buti zangu miguuni. Unasema tangu mvua zianze umeifunika cherehani na hujaifunua. Unaamka umechoka, chakula hakina ladha, wateja unawaambia uzi umekwisha. Muuguzi wa zahanati amekuambia ni huzuni ya kiasi, haijawa kubwa, akakuwekea programu kwenye simu ili ujaze kila siku unavyojisikia, naye ataitazama mtakapoonana. Halafu mwishoni, kama mtu anayetupa ganda la chungwa dirishani, ukaandika kwamba kila siku unabonyeza uso unaocheka, ili muuguzi afurahi na mama akichungulia simu asiogope.

Hapo ndipo niliposhika kalamu. Ngoja nikueleze upumbavu wetu wa huku, labda utautambua wako.

Kazi yangu unaijua: mashuka ya hospitali. Tulikuwa tunakunja wawili wawili mezani. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake mbili, mnavuta shuka linyooke, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, unampa pembe zako, mnarudi nyuma. Kutwa nzima hivyo. Mwenzangu ni mzee mmoja mrefu tunayemwita Mnara. Kwa kila shuka namwona usoni, naye ananiona. Nikiamka vibaya, chai haijafika ameshajua. "Leo umekuja na sura ya kuazima," ananiambia. "Yako umeiacha wapi?" Nacheka hata kama sitaki.

Mwaka huu wakaleta mashine ya kukunja. Sasa kila mtu anasimama peke yake akiilisha mashuka, mwenzake yuko upande wa pili wa mabati, na kelele haziruhusu hata kupiga chafya ukasikiwa. Watu wakaanza kunyamaza. Mmoja akawa anakula kageukia ukuta. Mimi siku za mapumziko nilikuwa nalala na viatu, nikiona kuvivua ni kazi nyingine.

Wakubwa wakaona tumenyong'onyea. Unadhani waliturudisha mezani? Thubutu! Walituletea programu ya simu.

Akaja mama mmoja nadhifu, anaongea polepole kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Akatuonyesha safu ya nyuso, kuanzia unaolia hadi unaocheka meno yote nje. Akasema majina hayataonekana, wakubwa wataona jumla ya idara tu, kwa hiyo tuseme ukweli. Lazima nimtendee haki, alisema hivyo wazi. Ni sisi tuliojitia ujanja. Alipotoka tu, msukuma toroli wetu tunayemwita Redio akatugeukia: "Jamani, nani hapa atamwambia tajiri ana huzuni? Si utaambiwa kapumzike, na usirudi?" Tukaangua kicheko, tukakubaliana. Ikawa kila asubuhi, watu wazima na ndevu zetu, tunasimama mlangoni tukibonyeza meno nje.

Na hiyo simu haina haya! Ukibonyeza inakurushia maua: "Hongera! Leo unang'aa!" Mimi hapo nimeshika shuka lenye matapishi ya mtu. Ikaniambia nitembee bustanini nisikilize ndege. Bustani gani? Nyuma yetu kuna bomba la mvuke na mapipa ya taka. Ikaniambia nijitazame kwenye kioo nijipe sifa. Nilijitazama. Nikaona ni heri kioo kingevunjika. Nisiwe mwongo, ile ya kuvuta pumzi taratibu ilinisaidia. Niliifanya chooni, mlango nimeufunga kwa komeo, na moyo ukaacha kwenda mbio. Hiyo moja naipa heshima yake. Mengine yote ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuchoka.

Sasa sikia yalipotufikisha. Mimi na Mnara tulikwenda kwa msimamizi kuomba meza yetu irudi, hata kwa mashuka ya watoto peke yake, maana yale madogo mashine inayatafuna. Hakuinua kichwa. Alitugeuzia kompyuta yake tu, akatuonyesha idara yetu iko juu ya jikoni, juu ya mapokezi, juu ya wote.

"Someni wenyewe," akasema. "Hakuna idara yenye furaha kama yenu. Sasa mnataka niwaondolee furaha?"

Akatupatia na cheti, kimetiwa kwenye fremu. Kimetundikwa juu ya mashine, mvuke unakikunja pembe. Mnara alikitazama muda mrefu, akaniambia, "Kumbe tulikuwa tunajifunga kamba, tena kwa fundo la kupendeza."

Yule msimamizi namdharau, na uso wangu haufichi. Ile programu naidharau. Lakini siku ile tuliostahili dharau yote ni sisi, tuliopewa mahali pa kusema "naumia" tukapafanya mahali pa kujipigia makofi.

Sasa tunabonyeza ukweli. Redio aligoma mpaka mwisho, juzi naye akabonyeza unaolia. "Haya, nimelia! Mmeridhika?" Mstari wetu kwenye kompyuta yake umeporomoka, na msimamizi ameanza kupita pita kwenye mashine akituuliza tuna nini. Meza haijarudi. Sikuahidi kwamba itarudi.

Lakini wewe, dada, umetupita kwa upumbavu, na nakuambia hivi kwa sababu nakupenda. Sisi tulimdanganya tajiri. Wewe unamdanganya mtu anayetaka kukutibu. Akiona meno nje kutoka mwanzo hadi mwisho, atasema umepona, atakupa mkono na kumwita anayefuata. Utarudi nyumbani kwenye cherehani iliyofunikwa, na safari hiyo hakuna atakayekuuliza tena. Simu haikuoni ukisukuma sahani pembeni. Inajua ulichoibonyezea, basi.

Na habari ya mama kuogopa, mwache aogope. Mwanamke aliyezaa na kuzika hawezi kuangushwa na kikatuni kinacholia. Kitakachomwangusha ni kugundua kwamba ulikuwa unazama huku ukimchekea.

Kwa hiyo siku ya zahanati nenda, na shemeji akusindikize, asitafute kisingizio cha kifua. Kaa kwenye kiti, mwangalie muuguzi usoni, umwambie, "Nilikuwa nadanganya." Hatakupiga. Mwambie habari ya usingizi na chakula. Mwambie na lile uliloniandikia mimi, kwamba umechoka kuwa wewe. Neno hilo si la kumwandikia mtu aliye mbali ambaye hawezi hata kukushika mkono. Lifikishe kwa aliye karibu. Kama anataka uendelee na programu, endelea, lakini bonyeza ulivyo.

Ulimi ukiwa mzito, mpe barua hii aisome. Penye matusi aparuke.

Msalimie mama, umwambie soksi alizonifumia nimezivaa mpaka zimekuwa nyavu. Msalimie shemeji, na shangazi wa dukani. Bibi Kelele mwambie mjomba anamjibu swali lake: ndiyo, hospitali kubwa ina mashuka mengi kuliko watu.

Mungu akurudishie usingizi wako na hamu ya kula, akuweke mpaka nije nikugombeze ana kwa ana.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna.