Ifundishe Kuaga

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kijenge tu wazima, na bibi yako ameanza tena kugombana na kuku wa jirani.

Umeuliza kwa nini programu yako ya kupekua mafolda inagandisha kompyuta. Magazeti binafsi yalipoanza, nikifanya kazi gazetini, Elisante, mpiga chapa wetu, alitafuta habari ya ukurasa wa mbele huku mtambo ukisubiri. Alifungua folda ndani ya folda, zote akaziacha wazi. Kompyuta ikaganda.

"Elisante, umekunywa chai kila nyumba bila kuaga!" nikamwambia. "Piga hodi, uliza, aga, ndipo uende ya pili."

"Na folda za matangazo, kaka?"

"Hizo zipite tu."

Akawasha upya, safari hii akifunga kila folda kabla ya kufungua nyingine. Habari ikapatikana, gazeti likawahi mitaani, ofisi nzima ikashangilia.

Programu yako nayo ifundishe kuaga.

Babu yako