Kapteni Aombewa Kanisani

Zuhra, acha unachofanya usome hii. Leo nimeaibika mimi 😂😭

Si unajua Kapteni, punda wetu, alikufa Jumatano? Baba hajala vizuri tangu siku ile. Kumbe alienda parokiani kimyakimya kuandikisha nia ya misa, wala hakutuambia!

Tumekaa kanisani, padre anasoma: "Tumwombee marehemu Kapteni wa Mshangano, aliyeitumikia familia yake miaka ishirini na sita."

KAPTENI! Kanisa zima, Zuhra! Nimeng'ata leso nisicheke.

Misa imeisha, watu wametuzunguka kutupa pole. Mwalimu mmoja mgeni akamuuliza baba, "Marehemu alikuwa kikosi gani?"

Baba bila hata kupepesa macho: "Hakuwa jeshini. Alikuwa anavuta mkokoteni."

Padre akasikia. "Mzee, kwani Kapteni ni nani?"

"Punda wangu, padre."

PUNDA WANGU, PADRE. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo mama akaninyooshea kidole mbele ya wote: "Padre, siku ya kumzaa huyu mvua ilikuwa kubwa, gari hakuna. Kapteni ndiye aliyenifikisha hospitali."

Padre akamtazama baba, akatikisa kichwa. "Basi, tumeshamwombea. Siwezi kwenda kumwambia Mungu tulikosea."

Watu waliangua kicheko, hadi baba! Mara ya kwanza tangu Jumatano.

Na mimi niliyebana kicheko misa nzima, Zuhra, nikaanza kulia palepale mbele ya kwaya.