Rangi Juu ya Mbao Mbichi

Luanda Kotieno,
14 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi Achola,

Wewe ndiwe mtu wa kwanza kuambiwa jambo hili: nimekuwa nikimchunguza baba mdogo Ogola kwa siri. Hata Mama hajui. Lakini kwanza nikujulie hali. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Limuru? Sisi tu wazima, ila mvua haitupi nafasi.

Unajua tunakutayarishia baraza la mbao mbele ya hoteli ya Mama, lile lililojengwa juu ya maji ya ziwa, ili ibada yako ya shukrani ifanyiwe hapo Pasaka. Baba mdogo ndiye aliyepigilia mbao. Sasa anataka zipakwe rangi upesi.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Nimesoma kwamba mbao za nje hupakwa zikiwa zimekauka hadi ndani, asubuhi umande ukiisha, kabla jua halijawa kali, na siku isiyo na dalili ya mvua. Tena huu ni wakati wa sami. Wadudu hao hutoka ziwani kama moshi na kunata juu ya rangi mbichi. Baba mdogo amezaliwa hapa, anayajua haya kuliko mimi. Basi haraka ya nini?

Nilimwuliza kwa sauti ndogo kama hatuwezi kungoja jua. Akamwambia Mama kwamba vitabu vimenifundisha kuogopa mawingu. Kisha akanigeukia.

"Winny, siku hizi wewe ni daktari wa mbao? Rangi ikishapita, nani atainama kuangalia chini?"

Mama alicheka. Mimi nilienda kuinama.

Shangazi, mbao mpya ambazo Mama alinunua sokoni Kibuye ziko pembeni tu, mahali panapoonekana. Za katikati ni za mtumbwi mkuukuu. Matundu ya misumari bado yamezibwa kwa pamba, kama mafundi wa mitumbwi wanavyofanya. Nilichoma ubao mmoja kwa mpini wa kijiko, mpini ukazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Na viti vyenu, wewe na bibi yetu Dani, vimepangwa katikati.

Mbao mpya nyingine zilikokwenda sijui. Nimeona tu kwamba banda la kuku la baba mdogo lina mlango mpya. Siwezi kuapa.

Dani anakusalimu, na Frankline pia. Wasalimie Debra na watoto. Mungu akulinde njiani hadi tuonane.

Mpwa wako akupendaye,
Winny

N.B. Sikuweza kungoja jibu lako. Leo mchana baba mdogo alifungua kopo la rangi huku mawingu yakikusanyika. Nilisimama mbele yake, nikasema: "Mama, mbao za katikati zimeoza. Shuka uone." Mama alivua viatu, akashuka majini. Mimi nilifunika kopo, nikalibeba hadi jikoni, nikalikalia.