Nyumba ya Baba Kabla ya Kuchomwa

Goma, Jumapili, 13 Juni 2021. Mwaka wa ishirini na tano tangu vita vinitoe Kalengera.

Nyumba ya baba, ile ndogo niliyoifinyanga kwa kumbukumbu, ilikuwa bado laini leo asubuhi. Udongo huu wa plastiki haugandi mpaka uingie katika tanuri. Ng'ombe wadogo wa udongo huohuo ninaouza nawachoma siku ileile. Nyumba sikuichoma kwa miaka mitatu, nikingoja barabara ya Kalengera itulie, niende kwanza nikahakikishe dirisha la jikoni lilikuwa upande gani. Hata volkano ilipotufukuza mwezi uliopita niliibeba hadi Sake ndani ya kopo la maziwa. Ikarudi nguzo moja imepinda.

Leo Mama Furaha, aliyefika juzi kutoka Kalengera, alikuja kununua ng'ombe, akaiona.

"Nyumba ya wapi hii, muzee?"

Nikamweleza.

"Pale kuna stasio ya mafuta sasa, papa. Hata mikaratusi walikata. Dirisha weka penye unataka, nani atakukatalia?" Akacheka, halafu akaniomba msamaha.

Alipoondoka nilinyoosha nguzo, nikatoboa dirisha upande wa mashariki, nikaichoma. Imeganda vizuri, haina ufa.

Sitarudi Kalengera.