Kofia ya Chuma Mbele ya Baba Mkwe

Beechmont, Louisville
Mei 2015

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Goti linaendeleaje? Nasikia umeanza tena kupanda kwenda shamba la juu bila fimbo. Mimi niko mbali, siwezi kukushika mkono, kwa hiyo nakuomba tu: chukua fimbo. Mahindi hayatakukimbia. Na yule ng'ombe aliyekuwa akikohoa, amepona au mmemuuza?

Sisi hatujambo. Mjukuu wako Chao anasoma vizuri, ingawa nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Kazi yangu ya kuwatunza wazee ni ile ile, na mgongo ni ule ule. Barua hii anakuletea mke wa mchungaji wetu anayekuja likizo Wundanyi, pamoja na soksi nzito na dawa ya kuchua. Ningekupigia, lakini wewe simu unaiweka mezani sauti ikiwa juu kabisa, na nusu ya kijiji hupita hapo jikoni kuomba chumvi. Jambo hili nataka ulisome peke yako, umekaa.

Najua tayari umesikia kitu. Anti Malemba hajawahi kulala na habari tumboni. Umeambiwa kwamba tulikwenda Buffalo kumposea mdogo wangu Mwadime, tukampelekea baba wa msichana sufuria yenye tundu la risasi. Si kweli, Mama. Haikuwa sufuria.

Ilikuwa kofia ya chuma ya askari wa Kijapani, ya wakati wa vita vya Hitler, na aliyetuletea balaa hilo ni mkwe wako.

Unakumbuka Baba Chao alipokuja kwetu mara ya kwanza na wazee wake? Badala ya kunitazama mimi, alitazama kile chombo vifaranga wako wanachonywea maji. Akauliza. Ukamwambia ni kofia ambayo Babu alirudi nayo kutoka Burma, Waingereza walikompeleka kupigana na Wajapani. Akakuomba umpe. Ukamjibu, "Mke nakupa, kofia sikupi. Vifaranga watanywea wapi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mjinga mimi. Sikujua kwamba yule mtu alikuwa ameshanasa.

Basi Jumamosi moja hapa mtaani, mjane wa Kimarekani alitoa vitu vya marehemu mumewe nje kuviuza, na katikati ya sahani na taa palikuwa na kofia ya chuma yenye nyota mbele, sawasawa na ya Babu. Baba Chao alipiga kelele nikadhani ameumwa na mbwa. Tangu siku hiyo sina amani. Moja iko juu ya friza. Nyingine ziko kabatini pamoja na kofia zangu za kanisani. Anainusa ngozi ya ndani ajue kama ni ya zamani kweli. Ananusa, Mama, kama mtu anayeonja mchuzi! Nyota anaisugua kwa kidole gumba, maana anasema kuna matapeli wanaobandika nyota mpya kwenye kofia mbovu. Kuziosha ni mwiko. Nikizisogelea na sabuni ni ugomvi. Anatoka ghalani Okolona, kutwa nzima amesimamia mizigo, na kabla hajavua viatu ameshafungua kompyuta kuona nani anauza. Nikimuuliza za nini, ananijibu, "Mama Chao, hii ni history." Chao naye humwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba nyumba inanuka kaburi. Ni utovu wa adabu, lakini sijawahi kumkemea.

Haya, sasa safari yenyewe. Mwadime wako anaishi Whitehall, pale Columbus, na huyo Kendi walikutana kwenye kwaya. Ni binti Mmeru, mtulivu, anampenda kijana wetu kwelikweli. Wazazi wake wako Buffalo tangu baba yake aje kusoma ujanani. Kwao baba wa msichana huvishwa na wageni koti, kofia na blanketi mbele ya watu wote, na kwa kuwa wewe hukuwepo, ilinipasa mimi dada mkubwa nimvishe. Nilinunua kofia nzuri ya sufu, ya kijivu, ikiwa ndani ya boksi lake gumu.

Tulipofika Columbus, Baba Chao akasema anapita mahali mara moja. Unaijua "mara moja" yake. Kumbe kuna mtu walikuwa wamepatana, anamwekea kofia nyingine, yenye tundu la risasi na ngozi ya ndani ikiwa bado nzima. Akaogopa ile ngozi isije ikavunjika barabarani, maana imekauka kama andazi la juzi. Akafanyaje? Akaitoa kofia ya mzee wa watu kwenye boksi lake gumu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti, na ile ya vita akailaza ndani ya boksi. Hakusema neno kwa mtu. Kwa Mwadime, Anti Malemba alikuwa akifunga zawadi kwa karatasi za maua. Akaona kwenye buti la gari boksi la duka la kofia halijafungwa, akalifunga, akatia na utepe juu. Anasema alihisi ni zito kidogo, akadhani tumenunua kofia ya maana.

Kule Buffalo walitupokea vizuri, usiseme. Chapati, nyama na chai ya maziwa vinangoja jikoni. Mzee wa kanisa aliyekuwa msemaji wetu alizungumza kwa heshima, Mwadime anatokwa na jasho ndani ya suti. Nikamvisha mzee wa Kendi koti, likamkaa. Nikamfunika blanketi, kina mama wakapiga vigelegele. Nikafungua boksi huku natabasamu kwa ajili ya picha, nikatia mikono yote miwili ndani.

Mama, nilijua kabla sijaitoa. Ile baridi ya chuma ninaijua, naipangusia vumbi kila wiki. Lakini mikono ilikuwa imeshainuka, na watu wote wakaiona, na tundu lake.

Vigelegele vilikatika. Kuna kijana alicheka, akadhani ni mzaha. Mzee akaipokea mwenyewe mikononi mwangu, akaigeuza, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Hii ni ya Mjapani," akasema.

Hapo mtu yeyote mwenye akili angeanguka magotini aombe radhi. Mkwe wako je? Alisogea mbele, akainama juu ya bega la mzee na kumwambia, "Ndiyo, Mzee, tena ni original. Angalia hiyo nyota." Nilimkanyaga mguu kwa kisigino cha kiatu changu cha harusi. Hakusikia hata maumivu.

Mzee hakuinua sauti. Alisema, "Baba yangu alipelekwa Burma nikiwa tumboni mwa mama. Kofia yake haikurudi. Kichwa chake hakikurudi. Leo mmekuja kuomba binti yangu, na mnataka kunivika kofia ya aliyemuua?"

Akasimama na lile koti letu na blanketi letu mwilini, akaingia chumbani na kofia mkononi. Msemaji wetu alibembeleza mlango mpaka akaishiwa maneno. Kendi alikuwa jikoni analia, na mama yake, bila kutuangalia, alianza kutufungia chakula kwenye foili. Unaelewa maana yake mgeni akifungiwa chakula kabla hajala. Mwadime alisimama katikati ya sebule kama mtoto aliyepotea sokoni, nami nilimhurumia mpaka nikasahau kumchukia Baba Chao kwa dakika chache.

Tulikuwa tunavaa makoti ndipo Mwadime akaupigia mlango kelele. Hakupanga, yalimtoka tu. "Mzee, hata babu yetu alikuwa Burma! Kofia kama hiyo iko kwa mama, kuku wananywea maji!"

Nikasema moyoni, sasa ndiyo tumezikwa. Kuku!

Mlango ukafunguka. Mzee akauliza, "Babu yenu alirudi?"

"Alirudi, Mzee."

"Alisema nini?"

Mwadime akanitazama, mimi nikamtazama Baba Chao, ambaye anajua kila kofia ilitengenezwaje na ilifungwa kwa kamba gani. Naye akainamisha kichwa. Sisi wajukuu tukimuuliza Babu, alituambia twende tukacheze.

"Nani alimsikia?" mzee akauliza.

Nikasema, "Mama yetu. Ndiye aliyemuuguza."

Akaigeuza ile kofia mkononi. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno yake, nakuandikia kama alivyoyatamka: "Maisha yangu yote nimeambiwa baba alikufa kishujaa, na watu ambao hawakuwepo. Nimechoka. Mwambieni mama yenu anipigie aniambie yule aliyekuwepo alisema nini. Hata kama ni kibaya. Siku hiyo tutaongea habari ya hawa watoto. Kabla ya hapo, msije."

Kofia hakuirudisha. Na njia nzima kurudi, Mwadime amejikunja kiti cha nyuma kama mgonjwa, mimi machozi yananitoka, unajua mume wangu aliniambia nini? "Unadhani ataiweka mahali pakavu?" Mama, nisingekuwa Mkristo, wangemwokota huko barabarani. Hajabadilika. Jumapili hii alimpigia mzee simu kumweleza asiipake mafuta ya kupikia. Nilingoja asikie matusi. Mzee hakumkatia. Walizungumza kuhusu ngozi na kamba mpaka wali ukaungua. Nimeshindwa kuwaelewa hawa wanaume.

Sasa narudi kwako, Mama. Nakumbuka ulivyokuwa ukitutoa jikoni, unafunga mlango, na sauti ya Babu inasikika kidogo kidogo. Baadaye ulitoka macho mekundu, ukasema ni moshi. Tukakubali ni moshi. Sijui alikuambia nini, wala sikutaka kujua. Nilidhani yataondoka naye. Kumbe hayakuondoka, uko nayo wewe, na sasa Mwadime hawezi kuoa bila hayo. Kijana hali chakula. Kendi anamngoja, lakini hawezi kumpita baba yake, na mimi simlaumu.

Usimtungie mzee hadithi. Kama Babu alisema waliogopa, sema waliogopa. Kama aliwaacha wenzake njiani, sema. Kama alisema ile kofia aliipataje na kwa nini alitembea nayo mpaka nyumbani, liseme na hilo.

Namba ya simu iko nyuma ya karatasi hii. Anasema atapokea saa yoyote.

Na nina ombi jingine, siamini kama ni mimi ninayeliandika. Kofia ya Babu itoe kwa vifaranga. Wanunulie beseni. Isuuze kwa maji matupu, usiisugue kwa mchanga, iweke ndani. Baba Chao amesimama begani kwangu anasisitiza hilo la mchanga, nami nimeliandika ili aondoke nipate kumaliza.

Nisalimie mdogo wangu Mghoi, mwambie viatu vya mwanawe vimo kwenye mzigo. Nisalimie mjomba fundi cherehani na mkewe, na mama jirani anayekukamulia ng'ombe. Anti Malemba akikupigia, mwambie umeshasoma habari yote na haikuwa sufuria.

Ukishaisoma barua hii, Mama, funga mlango wa jikoni kama zamani, upige. Na ukianza kulia, mwache mzee wa watu akusikie. Safari hii usiseme ni moshi.

Ni mimi mwanao,
Wakesho